Safari ya pimbi hadi ukoo wa tembo

Pale Seronera, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kituo cha wageni kimejengwa kuzunguka majabali, na majabali yale ni mji wa pimbi. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, hutoka mmoja mmoja kwenye nyufa wakajilaza juu ya jiwe kuota joto. Ukubwa wao ni wa sungura aliyenona. Mkia wa kuonekana hawana, masikio yao ni mafupi, na ukiwatupia jicho mara moja utaapa kwamba ni jamii ya panya. Ndipo kiongozi wa msafara anapowaambia wageni wake kwamba mnyama huyu ni ndugu wa tembo. Watu hucheka. Watoto wa shule hucheka zaidi, na hakosi mmoja wa kumgeukia mwalimu kumwuliza kama wanataniwa.

Hawataniwi. Ila ilichukua zaidi ya miaka 200 kwa wataalamu kufika hapo, na katika muda huo pimbi alihamishwa kutoka ukoo mmoja hadi mwingine kama mtoto anayegombewa na wajomba.

Mwaka 1766 Peter Simon Pallas, mwanasayansi Mjerumani, alimweleza kwa mara ya kwanza kitaalamu pimbi wa Rasi ya Tumaini Jema. Alimtazama umbo, akaona simbilisi: yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia, asili yake Amerika ya Kusini, ambaye leo hufugwa jikoni katika baadhi ya nyumba za Nyanda za Juu Kusini. Akamwita Cavia capensis, yaani simbilisi wa Rasi. Miaka 14 baadaye akaundiwa jenasi yake, Procavia, na jina hilo bado limebeba kivuli cha simbilisi. Mwanzoni mwa karne ya 19, Georges Cuvier wa Paris alimfungua kinywa, akayachunguza magego yake na kuona yanafanana na ya kifaru. Basi pimbi akatolewa kwa wanyama wadogo watafunaji akapelekwa kwa wakubwa wenye ngozi nene.

Tusimcheke Cuvier. Alikuwa amekwisha kuona kwamba ngozi ya nje inadanganya na kwamba inabidi kutazama ndani. Waliomfuata walitazama ndani zaidi. Waliona kwamba vidole vya pimbi vina kucha bapa mfano wa kwato ndogo. Waliona kwamba yale meno mawili marefu ya juu hukua maisha yote, na kwamba ni meno ya mbele, si machonge. Ndivyo yalivyo pia yale ya tembo, ambayo wengine tunayaita meno ya tembo na wengine pembe za ndovu. Kwa hili wanaosema meno ndio wenye haki. Waliona kwamba korodani za dume hubaki ndani ya tumbo, kama za tembo. Na mimba yake ni ya miezi saba hivi, kwa mnyama wa kilo chache tu, wakati sungura huzaa baada ya mwezi mmoja. Mwaka 1945 Mmarekani George Gaylord Simpson aliwaweka kundi moja pimbi, tembo na nguva. Wengi walitilia shaka, hadi zilipofika zama za vinasaba.

Kiswahili kina somo zuri juu ya jambo hili, na tunatembea nalo mdomoni kila siku. Kwa umbo la neno, kiboko, kipepeo na kifaru wangekwenda pamoja na kiti na kisu. Kiti kimeanguka, basi na kiboko kimeanguka. Lakini ukisema kiboko kimeanguka, msikilizaji ataokota mjeledi. Mnyama tunasema ameanguka, kwa sababu sarufi yetu haikukubali kudanganywa na kiambishi. Iliuliza kwanza mwenye jina ni nani, ikakuta ni mnyama, ikampa upatanisho uleule wa mwalimu na mtoto. Nimefurahi siku zote kwamba walioandaa istilahi za baiolojia kwa Kiswahili walilichukua neno ngeli wakalipa kazi ya pili. Himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi: ndizo ngazi za kupanga viumbe, kuanzia kundi kubwa kabisa hadi aina moja. Na swali lililowasumbua wanasayansi katika ngazi zote hizo ni lile ambalo mtoto wa Kiswahili hulijibu kabla hajaenda shule: tufuate umbo linaloonekana, au asili ya mwenyewe?

Kwa karne nyingi walifuata umbo na mwenendo. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Aristotle aligawa wanyama kwenye wenye damu na wasio na damu. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karibu mwaka 868, aliandika kitabu kikubwa cha wanyama ambamo aliwapanga kwa wanavyokwenda: wapo watembeao, warukao, waogeleao na watambaao. Hii ni mipango ya watu waliotazama kwa makini. Aristotle alikwisha kuona kwamba pomboo huvuta hewa na kunyonyesha, akamtenga na samaki. Karibu miaka 2,000 baadaye Carl Linnaeus, Mswidi ambaye vitabu vyote humwita baba wa uainishaji, alimrudisha nyangumi kwenye kundi la samaki. Hayo yalikuwa mwaka 1735. Alikuja kujisahihisha mwaka 1758.

Linnaeus hajapata kueleweka vizuri shuleni. Tunafundishwa jina lake na zawadi yake kubwa, yaani majina mawili kwa kila kiumbe, la kwanza la jenasi na la pili la spishi. Zawadi hiyo ni ya kweli. Kabla yake mmea mmoja uliweza kuwa na jina la Kilatini lenye maneno kumi, na kila mtaalamu alikuwa na lake. Lakini ukifungua orodha yake ya wanyama ya mwaka 1758, toleo la 10 la Systema Naturae lenye wanyama zaidi ya 4,000, utakutana na ulimwengu usioujua. Kifaru yuko oda moja na panya na sungura. Popo yuko pamoja na kima na binadamu. Kiboko yuko na farasi. Twiga ni aina ya kulungu, Cervus camelopardalis. Mimea aliipanga kwa kuhesabu sehemu za kiume na za kike za ua, kiasi kwamba mimea isiyohusiana kabisa ilijikuta chumba kimoja kwa sababu tu hesabu yake ililingana. Yeye mwenyewe alijua kwamba mpango huo wa mimea ulikuwa wa kurahisisha kazi. Wanyama wengi wa Afrika aliwajua kwa michoro, mifupa na maandishi ya wasafiri.

Kuna ukurasa mmoja wa kitabu hicho ambao siwezi kuupita haraka. Linnaeus alimweka binadamu kwenye orodha pamoja na wanyama wengine, jambo la ujasiri kwa zama zake. Kisha akamgawa kwa mabara manne, na kila bara akalipa rangi, mkao wa mwili na tabia. Mzungu alimwandikia kwamba huongozwa na sheria. Mwafrika alimwandikia uvivu, hila na kuongozwa na matakwa ya ghafla. Hapakuwa na kipimo chochote nyuma ya maneno hayo. Yalikuwa masimulizi ya wasafiri na wafanyabiashara, wengi wao wakiwa na maslahi katika biashara ya watumwa, na yaliingizwa kwenye jedwali la kisayansi yakakaa mstari mmoja na idadi ya meno ya popo. Jedwali lina nguvu ya kutisha. Jambo likishaandikwa ndani yake, msomaji hasikii tena sauti ya aliyelisema. Karne mbili zilizofuata, watu walipima mafuvu, wakapanga watu kwa madaraja, na waliotawala Afrika walitumia lugha hiyohiyo kueleza kwa nini wana haki ya kutawala.

Vinasaba vimeusahihisha ukurasa huo kwa namna ambayo ningependa kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki aifahamu kabla hajamaliza kidato cha nne. Tofauti za kinasaba ni nyingi zaidi miongoni mwa Waafrika kuliko miongoni mwa watu wa mabara mengine yote, kwa sababu binadamu ameishi hapa muda mrefu zaidi, na waliotoka kwenda kwingine walikuwa tawi dogo tu. Rangi ya ngozi ni kiambishi. Ukimpanga binadamu kwa rangi, umerudi kusema kiboko kimeanguka.

Mabadiliko makubwa katika uainishaji wote yalianza mwaka 1859, Charles Darwin alipochapisha kitabu chake kuhusu asili ya spishi. Kitabu kile kina mchoro mmoja tu: mistari inayogawanyika kama matawi. Ndani ya mchoro huo lilikuwamo swali jipya. Kabla yake, kumpanga mnyama ilikuwa kazi ya kutafuta rafu inayomfaa katika ghala ambalo Mungu au maumbile yalilijenga. Baada yake, kumpanga mnyama ni kutafuta nasaba: nani alimzaa nani, na mababu zao walitengana lini. Ni kazi ya wazee wanaokaa kabla ya posa kukubaliwa, wakahesabu vizazi hadi wajue kama vijana hawa ni ndugu.

Lakini kusema nasaba ni rahisi, kuipata ni kazi. Aliyeweka kanuni za kuitafuta ni Willi Hennig, Mjerumani aliyebobea kwa nzi. Sehemu kubwa ya mawazo yake aliyaandika mwaka 1945 akiwa mateka wa Waingereza nchini Italia, kitabu kikatoka mwaka 1950, na dunia pana ikakisoma kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1966. Hoja yake ni hii: kufanana peke yake si ushahidi wa undugu. Mjusi na mamba wote wana magamba na damu baridi, lakini hayo ni mambo ya kale waliyorithi kutoka mbali sana. Kinachothibitisha undugu ni jambo jipya lililoanzia kwa babu mmoja na kubaki kwa wajukuu zake tu. Ukifuata kanuni hiyo, mamba ni jamaa wa karibu wa kuku kuliko alivyo wa mjusi. Na neno reptilia, lililokaa kwenye vitabu vyetu kama ukuta, linakosa maana ya ukoo mpaka ukubali kuwaingiza ndege humo.

Yule kiboko naye alikwishatolewa kwa farasi, akakaa muda mrefu kwa nguruwe. Katika miaka ya 1990 vinasaba vilimwondoa huko, vikaonyesha kwamba jamaa yake wa karibu kuliko wote walio hai ni nyangumi. Wachunguzi wa mifupa walibisha, na walikuwa na sababu zao, mpaka mwaka 2001 yalipotangazwa mabaki ya nyangumi wa kale kutoka Pakistan. Walikuwa bado na miguu, na mifupa ya vifundo vya miguu yao ilikuwa ya ukoo wa ng'ombe, ngamia na kiboko. Hapo mabishano yakapoa.

Pimbi naye alipata kikao chake cha mwisho mwaka 1998. Watafiti walilinganisha vinasaba vya wanyama mbalimbali wanyonyeshao wakakuta ukoo ambao hakuna aliyeutazamia kwa kutazama miili. Wakauita Afrotheria, wanyama wa Afrika. Ndani yake wamo tembo, nguva na pimbi, na pamoja nao perere, yule wa mitini ambaye kilio chake cha usiku kimewatoa usingizi wengi waliolala karibu na misitu ya mlimani. Yumo muhanga, aliyekuwa amewekwa na kakakuona kwa sababu wote wawili hula mchwa. Wamo fuko wa dhahabu wa kusini, tenreki wa Madagaska, na sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye karne nzima alihesabiwa miongoni mwa virukanjia. Kakakuona, alipoachwa peke yake, alikutwa ni jamaa wa simba na paka.

Ukoo huu unaeleza jambo kubwa kuhusu ardhi tunayoikanyaga. Kwa makumi ya mamilioni ya miaka Afrika ilikuwa kisiwa. Mnyama mmoja wa kale aliyejikuta hapa alizaa vizazi vilivyotawanyika kwenye kila kazi iliyokuwa wazi: mmoja akawa mla majani mkubwa, mmoja akaingia baharini kula majani ya chini ya maji, mmoja akachimba mchwa, mmoja akabaki juu ya majabali. Wavuvi wa Mafia, Rufiji na Lamu waliowahi kumwona nguva akinyonyesha wanajua kwamba matiti yake yako kifuani, na ndiyo sababu jina lake katika hadithi zetu ni pia la mwanamke wa baharini. Tembo jike naye anayo kifuani, kati ya miguu ya mbele. Ushahidi ulikuwa machoni pa watu wa pwani siku zote.

Na ukoo huu haujamaliza kuhesabiwa. Mwaka 2008 sange mkubwa mwenye uso wa kijivu kutoka Milima ya Udzungwa, uzito wake kama gramu 700, alitangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis. Jonathan Kingdon, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa Tanganyika, alikwishapendekeza kwamba Waingereza waache kumwita mnyama wa jamii hii kwa jina la kirukanjia, watumie neno la Kibantu, sengi. Wamelitumia. Ni mara chache jina kusafiri kuelekea huko.

Juu ya himaya nitasema kwa ufupi, ingawa huko ndiko tetemeko lilikokuwa kubwa zaidi. Linnaeus alikuwa na wanyama, mimea na mawe. Mwaka 1969 Robert Whittaker alipendekeza himaya tano, na hizo ndizo tulizozikariri darasani: Monera, Protista, Fungi, Plantae, Animalia. Miaka minane tu baadaye, mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois walilinganisha molekuli iliyomo katika kila seli hai wakakuta kwamba viumbe waliokuwa wakiitwa bakteria ni koo mbili zilizo mbali sana. Mwaka 1990 Woese na wenzake wakapanga maisha yote katika makundi makuu matatu: Bakteria, Akea na Yukarya. Kundi la kati halihitaji safari ya mbali. Wekundu unaouona kwenye maji ya chumvi ya Ziwa Magadi kule Kenya hutokana kwa sehemu kubwa na akea wapendao chumvi, na mmoja wao aliyepatikana humo anaitwa Natrialba magadii kwa heshima ya ziwa lile. Himaya tano zilikuwa hatua nzuri, lakini kumfundisha mtoto wa leo kana kwamba hapo ndipo mwisho ni kumnyima sehemu tamu ya hadithi. Ni kumnyima hata uyoga wa mama muuza mboga: ukuta wa seli zake una kitu kilekile kinachofanya ganda la panzi na kaa kuwa gumu, na akiba yake ya chakula huihifadhi kama ini letu linavyohifadhi. Kwa nasaba, uyoga uko karibu nasi kuliko ulivyo karibu na mchicha uliolala pembeni yake.

Si kila mabadiliko yamefanywa kwa haki. Kwa mtu aliyekulia Longido, Dodoma au Garissa, mgunga hauhitaji maelezo. Kivuli chake ni ukumbi wa mkutano, maganda yake huwalisha mbuzi kiangazi, miba yake huzungushiwa zizi. Kwa Kilatini uliitwa Acacia, jina ambalo Wayunani wa kale waliupa mgunga wa Misri na ambalo linahusishwa na neno lao la ncha kali. Lilizaliwa likiwa jina la mti wa Afrika wenye miba. Baadaye likaenea hadi likafunika spishi zaidi ya 1,300 duniani, na kama 1,000 kati ya hizo ni za Australia, nyingi zikiwa hazina miba kabisa.

Vinasaba vilionyesha kwamba hizo si ukoo mmoja. Ilibidi kugawa. Lakini jina Acacia lingebaki kwa nani? Kanuni inasema jina hubaki na tawi lenye mmea uliowekwa kuwa kielelezo chake, na kielelezo kilikuwa mgunga wa Misri. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Australia waliomba kielelezo kibadilishwe kiwe mti wa kwao, kwa hoja kwamba miti yao ni mingi na kuibadili yote majina kungeleta vurugu. Kamati ikakubali. Julai 2005, katika mkutano wa wataalamu wa mimea duniani uliofanyika Vienna, suala lilipigiwa kura. Karibu asilimia 55 walikataa. Lakini kwa utaratibu uliotumika, uamuzi wa kamati ungetenguliwa tu kama asilimia 60 wangekataa. Waliokuwa wachache wakashinda, na mkutano wa Melbourne mwaka 2011 haukuugeuza uamuzi huo.

Ndiyo maana mgunga wa Serengeti, ule wenye kichwa kama mwavuli, leo ni Vachellia tortilis, na mti utoao gundi inayouzwa duniani kote ni Senegalia senegal. Vachell alikuwa kasisi Mwingereza aliyekusanya mimea huko Uchina. Mimi naona kuugawa ukoo kulikuwa sahihi, na hata mfugaji angewaambia bila maabara. Migunga ya kundi la kwanza kwa kawaida ina miba mirefu iliyonyooka, miwili miwili. Ya kundi la pili ina miba mifupi iliyopinda kama ndoana, inayokushika shati usiende. Ila namna jina lilivyoondolewa Afrika ilikuwa makosa, na nchi ambazo watu wengi wanaishi chini ya miti hii zilikuwa na viti vichache mno ndani ya ukumbi ule. Wamasai hawakungoja kura ya mtu. Mgunga wenye gome la manjano ulioko ndani ya kreta ya Ngorongoro wao huuita olerai, na msitu wenyewe ni Lerai hadi leo, iwe ni Acacia xanthophloea au Vachellia xanthophloea.

Jina pia hufuatwa na sheria na fedha. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, lilianza kuwatathmini tembo wa msituni na tembo wa savana kama spishi mbili. Mara ikaonekana kwamba tembo wa msituni yumo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, jambo lililokuwa limefichwa na hesabu ya pamoja. Mwaka 2025 shirika hilo likakubali kwamba twiga ni spishi nne, hoja iliyotolewa na utafiti wa vinasaba wa mwaka 2016. Wapo wataalamu makini wanaosema tumezidi kugawa. Wanayo hoja, kwani mpaka kati ya spishi na spishi ni kama mpaka wa maji ya mto na ya bahari pale Rufiji: upo, lakini huwezi kusimika nguzo. Hata hivyo, anayepanga askari wa doria lazima ajue analinda nani, na wamebaki wangapi.

Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi kwenye vijiji vinavyozunguka Mlima Rungwe walisikia habari za kima mwenye aibu nyingi. Wenyeji walimwita kipunji. Watafiti hawakujua kama ni mnyama wa damu na nyama au wa masimulizi, mpaka walipomwona. Mwaka uliofuata, bila makubaliano yoyote, kundi jingine la watafiti lilimkuta kima huyohuyo kwenye msitu wa Ndundulu, Udzungwa, mbali na Rungwe. Mwaka 2005 wakamtangaza pamoja katika jarida la Science kwa kutegemea picha, kwa kuwa hawakutaka kumwua hata mmoja. Kwa kumtazama umbo walimweka jenasi ya mangabi, Lophocebus kipunji.

Mwaka huohuo kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, katika shamba la mahindi. Sasa vinasaba vikapatikana, na vikasema tofauti na umbo: jamaa yake wa karibu ni nyani, wale wa kawaida wanaovamia mashamba. Fuvu lake halifanani na la nyani. Hapakuwa na rafu ya kumweka, ikabidi ajengewe. Mwaka 2006 akawa Rungwecebus kipunji, jenasi ya kwanza mpya ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Baadaye ikaonekana kwamba wale wa Rungwe wamebeba vinasaba vya upande wa mama vilivyotoka kwa nyani wa jirani, alama ya ndoa za zamani kati ya koo mbili. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikuta wako kama 1,100 tu.

Katika mahamisho yote hayo kuna kanuni moja isiyoonekana kirahisi. Jina la kwanza ndilo huhama. La pili hubaki na mwenyewe. Pimbi aliacha Cavia lakini bado ni capensis. Twiga aliacha kulungu lakini camelopardalis bado lipo. Fuvu ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai tarehe 17 Julai 1959 liliitwa Zinjanthropus boisei, na sisi tukalipenda lile Zinj, jina la kale la Waarabu kwa pwani hii. Wataalamu wakalihamishia jenasi nyingine, Zinj likafutika katika orodha rasmi, likabaki boisei, jina la mfadhili wa utafiti.

Kwa kipunji kanuni hiyo imeangukia upande wetu. Wapo waliokwisha kuhoji kama Rungwecebus anastahili kusimama peke yake. Wakiamua siku moja kumhamishia kwa nyani, ataandikwa Papio kipunji, na wakimhamisha tena ataandikwa hivyohivyo baada ya jina jingine lolote, kama wakulima wa Rungwe walivyomwita kabla ya mtu yeyote kuwauliza.